Mshika mbili moja humponyoka: je, kazi na familia kweli ni mbili?

Kalamu_Nzito (mleta mada)

Wakuu salaam,

Jambo hili nimekaa nalo miaka kabla sijapata maneno yake. Nimeona nililete hapa maana najua humu wapo wanaoliishi kila siku.

Mimi ni mhasibu. Kila mwisho wa mwezi tunafunga mahesabu, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa narudi nyumbani watoto wamelala. Usiku mmoja mke wangu akaniambia kwa upole kabisa: "Watoto wameanza kukutaja kama mtu aliyesafiri." Nikatoa jibu ambalo nadhani wengi wetu tumewahi kulitoa: "Kwani yote haya nayafanya kwa ajili ya nani?"

Sikuwa najitetea, nilimaanisha. Na yeye alimaanisha. Tukaendelea hivyo miaka minne tukigombania saa: nitoke ofisini saa ngapi, Jumamosi ni ya nani, simu izimwe muda gani. Tuliandika ratiba tukaibandika ukutani, haikumaliza wiki tatu. Leo ninaamini ugomvi wetu haukuwa wa saa hata siku moja. Tulikuwa tunagombania maana ya neno "mimi".

Ukianza kusoma habari za mgongano wa kazi na familia utakutana mapema na Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, waliouchambua mwaka 1985. Waliugawa mara tatu. Kuna mgongano wa muda: saa uliyoitumia huku huwezi kuitumia tena kule. Kuna wa msongo: umefika nyumbani, mwili upo, lakini akili imebaki kwenye kosa la mchana. Na kuna wa mwenendo: ule ukali unaokufanya ufanikiwe kazini ndio huohuo unaomtisha mtoto wako. Huu wa tatu husemwa kidogo, na kwangu ndio uliokuwa mchungu kuliko yote. Binti yangu aliwahi kuniambia, "Baba, usiniulize kama unanikagua."

Mgawanyo huo naukubali. Ila ukiutazama vizuri, chini yake kuna picha ya mtu aliyesimama katikati, mkono mmoja unavutwa na kazi, mwingine na familia. Ni picha ileile ya wahenga wetu: mshika mbili moja humponyoka. Swali langu ni hili: nani aliamua kwamba ni mbili?

Mwaka 1991 Hazel Markus wa Marekani na Shinobu Kitayama, mzaliwa wa Japani, walitoa hoja iliyoitikisa saikolojia ya jamii. Walisema watu wa tamaduni mbalimbali hawatofautiani tu katika wanachokipenda au wanachokiamini, wanatofautiana hata katika kujiona wao wenyewe ni kitu gani. Yupo anayejiona kuwa nafsi inayojitegemea: mimi ni mimi, nina vipaji vyangu na malengo yangu, na wengine, hata niwapende vipi, wako nje yangu. Na yupo anayejiona kuwa nafsi inayofungamana na wengine: mimi ni mtoto wa fulani, mzazi wa fulani, mwenzake fulani. Ukiwaondoa hao, hakibaki kitu cha kuitwa mimi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kuielewa tofauti hiyo. Msikilize mtu akitaja nyumba yake. Mmoja atasema "kwangu", mwingine "kwetu", na huenda wote wawili wanalipa pango kwa mshahara wao wenyewe. Au chukua neno "kutafuta". Mtoto akiulizwa mzazi wake yuko wapi, anajibu, "Ameenda kutafuta." Hasemi anatafuta nini wala hakuna anayeuliza. Ndani ya kitenzi hicho kazi na familia hazijatengana, na anayetoka asubuhi hajaondoka nyumbani, ameenda kwa niaba ya nyumba.

Sasa weka saa moja ya ziada kazini mbele ya watu hao wawili. Wa kwanza anaona saa hiyo ameitoa kwa familia akajipa mwenyewe: jina lake, kupanda kwake cheo. Anarudi na hatia. Wa pili anaona saa ileile ameitoa kwenye usingizi wake akaipa familia. Anarudi amechoka, anatarajia shukrani. Akipokewa kwa lawama anavunjika moyo, kwa sababu kwa hesabu yake yeye ndiye anayewadai. Mimi nilikuwa huyu wa pili, na nilikuwa nalala nikiwa nadai.

Wapo waliolipima jambo hili. Mwaka 2000 Nini Yang na wenzake walilinganisha wafanyakazi wa China na wa Marekani. Madai ya familia yalichochea mgongano zaidi kwa Wamarekani, na madai ya kazi yakauchochea zaidi kwa Wachina. Katika kueleza, walionyesha kwamba anayejitesa na kazi huko Marekani huelekea kuonekana ameitelekeza familia kwa ajili ya cheo chake, ilhali China huonekana amejinyima yeye kwa ajili ya familia. Mwaka 2004 Paul Spector na kundi kubwa la watafiti wakawachunguza mameneja wa nchi zinazozungumza Kiingereza kama Marekani, Uingereza na Australia, wakawalinganisha na wa China na wa Amerika ya Kilatini. Kwa kundi la kwanza, kuongezeka kwa saa za kazi kuliambatana kwa nguvu zaidi na msongo wa kazi na familia.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea kilio cha ndoa na kazi, simwambii apunguze saa. Namuuliza kwanza, ukisema "mimi" unawahesabu akina nani humo ndani?

Karibuni. Nataka kusikia hasa wanaopinga.

Fundi_Saa

Mkuu nimekusoma hadi mwisho, lakini naona unazunguka. Watu wanafanya kazi saa nyingi kwa sababu mshahara hautoshi. Mpe huyo anayejitegemea na huyo anayefungamana mshahara unaotosha, wote watarudi nyumbani jua halijazama.

Kalamu_Nzito

Mkuu Fundi_Saa, mshahara unaeleza kwa nini mtu anachelewa. Hauelezi kwa nini wawili wachelewe sawasawa, mmoja aingie ndani na hatia, mwingine aingie kifua mbele. Na kumbuka wale wa Spector walikuwa mameneja, si watu wanaohesabu siku hadi tarehe ya mshahara. Nakubali mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua. Nazungumzia maumivu yanayobaki hata baada ya kuchagua.

Zamu_ya_Usiku

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu, sehemu kubwa zamu za usiku. Kaka Kalamu, sentensi yako ya "nayafanya kwa ajili ya nani" mume wangu huisema na watu wote wanatikisa kichwa kumuunga mkono. Nikiisema mimi, maneno yaleyale, mtu ataniuliza, "Na watoto umemwachia nani?"

Kwa hiyo ukisema kuna nafsi inayofungamana, mimi nauliza inafungamana kwa lipi. Mume wangu anahesabiwa amefungamana na familia akiwa hayupo, kwa sababu analeta. Mimi nahesabiwa nimefungamana nikiwepo tu. Naleta pia, mshahara wangu ndio uliosomesha mtoto wa kwanza, lakini kuleta kwangu kunaitwa kusaidia. Saa yake ya ziada ni kujitoa. Saa yangu ya ziada ni kuacha nyumba.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya ndugu. Naipenda kazi yangu. Saa tisa usiku, wodi imetulia, nipo na mgonjwa anayehitaji mtu anayejua anachofanya, na mtu huyo ni mimi. Hapo mimi si mama wa yeyote wala mke wa yeyote, na ninajisikia mzima kabisa. Nikiwaeleza watu hivyo wananyamaza. Nikisema "natafuta kwa ajili ya watoto" wanafurahi. Nimejifunza kuitumia lugha ya "sisi" kama kibali cha kutoka mlangoni. Miaka kumi na moja naomba ruhusa kwa sababu isiyo yangu yote.

Mgongano wangu mkubwa upo hapo. Ratiba nimeshaizoea.

Kalamu_Nzito

Dada Zamu, umenigusa mahali ambapo sikuwa nimepaangalia. Nilipoandika "watu wawili" nilimfikiria mwanamume katika nafasi zote mbili. Nirudie kulifikiria kabla sijakujibu.

Mchunguzi_Tulivu

Mada nzito, ahsante. Nafundisha somo linalogusa haya, nichangie machache, na mengine nitamrekebisha mleta mada kwa heshima.

Kwanza tusiwagawe watu kwa mataifa, kwamba wa huku wote wanafungamana na wa kule wote wanajitegemea. Mwaka 1994 Theodore Singelis alitengeneza kipimo chenye sentensi 24, kumi na mbili za kila upande, na hoja yake ilikuwa kwamba hizo ni sura mbili zinazokaa ndani ya mtu mmoja. Unaweza kuwa juu katika zote mbili, au chini katika zote. Anachokisema dada Zamu ndicho hicho. Saa tisa usiku nafsi yake inayojitegemea iko kazini, asubuhi inayofungamana inafungua mlango wa nyumba. Utamaduni kazi yake kubwa ni kuamua ipi kati ya hizo inaruhusiwa kusema hadharani.

Pili, zinaweza kuamshwa. Mwaka 1999 Wendi Gardner na wenzake waliwapa Wamarekani kisa kifupi cha safari ya mjini, wakawaambia wazungushie duara viwakilishi. Kisa ni kilekile, ila wengine walikuta ndani yake "mimi", wengine "sisi". Waliokuta "sisi" wakaelekea zaidi upande wa kufungamana katika majibu waliyotoa baadaye. Kama kazi ndogo kama hiyo inaweza kuyasogeza majibu ya mtu, fikiria kinachofanywa na mwajiri anayesema "sisi" asubuhi hadi jioni.

Tatu, na hili ndilo nadhani linamjibu dada. Susan Cross na wenzake, mwaka 2000, walionyesha kwamba kufungamana kwenyewe si kwa aina moja. Kuna kufungamana na kundi: ukoo, jina, wajibu, nafasi yako katika safu. Na kuna kufungamana na mtu kwa ukaribu: mimi ni huyu ninayemjua ndani na anayenijua ndani, basi. Wa kwanza akiwa mbali kwa ajili ya kundi bado yuko ndani ya kundi. Wa pili umbali wenyewe ndio jeraha. Cross aliwahi kuandika na Laura Madson mwaka 1997 kwamba wanawake wa Marekani wengi hujengwa kwa namna ya mahusiano hata katika nchi inayosifika kwa kujitegemea.

Anayetaka kujijua kuna zoezi la zamani sana, la Manford Kuhn na Thomas McPartland, mwaka 1954. Andika "Mimi ni nani?" kisha ujibu mara ishirini, kila jibu mstari wake, haraka, bila kupanga. Halafu tazama. Ngapi ni sifa zako, ngapi ni nafasi zako kwa watu, na zipi zimekuja mwanzo kabla hujaanza kufikiri. Mfanye wewe na mwenzako, kila mmoja peke yake. Wanafunzi wangu huanza wakitabasamu na wengi hukwama kwenye jibu la nane au la tisa.

Mzawa_wa_Kwanza

Wakuu naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Mnasema kazi na familia, lakini familia ipi?

Niliwahi kuomba ruhusa ya siku tatu. Aliyekuwa mgonjwa ni mama mdogo, aliyenilea tangu nina miaka minne. Fomu ilikuwa na visanduku: mume au mke, mtoto, mzazi. Ofisa akaniuliza, "Huyu ni nani yako?" Nikasema ni mama. Akaangalia majina ya wazazi kwenye faili, akasema, "Mama yako siye huyu." Siku tatu zikawa za kukatwa kwenye mshahara. Kukatwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni karatasi kuniambia mimi ni nani na mipaka yangu inaishia wapi.

Ile fomu iliandikwa na mtu mwenye picha ya nafsi yenye uzio mfupi. Mimi wangu ana watu wengi ndani: wadogo zangu watano, watoto wao, na yule mama. Simu zao zinaingia saa za kazi. Mmoja kafukuzwa ada, mwingine ana kesi na mwenye nyumba. Bosi anaona napoteza muda, wao wanaona nimejitenga nisipopokea.

Michael Frone na wenzake waliandika mwaka 1992 kwamba mpaka kati ya kazi na familia hauvuji sawasawa pande zote: mara nyingi kazi ndiyo inayoingilia familia kuliko familia kuingilia kazi. Kwa watu wengi nakubali. Lakini ukiwa mzaliwa wa kwanza aliyehesabiwa kuwa nguzo, familia nayo inavuja kuingia kazini kila siku, na hakuna kisanduku cha kuiandika.

Fundi_Saa

Hili la fomu limenigusa. Nimewahi kumkatalia mtu ruhusa kwa sababu hiyohiyo na nikaona nimefuata taratibu.

Msimamizi_72

Kwa kuwa mmefika kwenye waajiri, niseme langu, maana niko upande ule.

Nilisimamia kitengo cha watu kumi na nane kwa muda mrefu. Kila tulipozidiwa, nilikuwa na sentensi moja: "Hapa sisi ni familia moja." Ilifanya kazi kuliko posho. Watu walibaki hadi saa nne usiku bila kuuliza malipo, na nilijivunia, nikiamini nimejenga umoja. Baada ya kumsoma Mchunguzi naelewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nachukua ile nafsi ya kufungamana waliyoileta kutoka nyumbani, iliyolelewa na wazazi wao, naielekeza kwangu. Waliozidi kuumia si wale wabinafsi. Wabinafsi walikusanya mikoba saa kumi na moja wakaondoka. Walioumia ni wale wema, wasioweza kumwangusha ndugu, na mimi nilishajifanya ndugu.

Mmoja wao, kijana ambaye sikuwahi kumsikia akikataa, alipata kiharusi kabla ya kufika miaka arobaini. Yuko hai, anaongea kwa shida. Siwezi kusema kazi ndiyo iliyosababisha, hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Ila mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa nyingi. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 ukimlinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Niliposoma hayo nilihesabu saa za yule kijana kwenye daftari la mahudhurio. Nilihesabu mara moja tu, sikuweza kurudia.

Hivyo Kalamu, hoja yako ni ya kweli lakini ina upande wa hatari. Kujiona umefungamana kunaweza kukuondolea hatia na kukufanya usihisi mgongano. Mshipa wa damu hauulizi unamfanyia nani kazi. Japani wana neno lao, karoshi, kufa kwa kazi iliyozidi, na waliokufa hivyo hawakuwa watu wasiojali familia zao.

Niliacha kuitumia ile sentensi. Nilipoacha, wawili walinifuata kuuliza kama wamenikosea.

Kalamu_Nzito

Mkuu Msimamizi, nashukuru kwa kulisema hili. Si rahisi.

Nakiri nilikuwa nimeiandika nafsi inayofungamana kana kwamba ni kinga. Kwa hatia ni kinga kweli, kwa mwili hapana. Tena huenda kutojisikia hatia ndiko kunakomfanya mtu asisimame. Mwenye hatia angalau anajua kuna kitu kinavuja.

Fundi_Saa

Ndiyo maana mimi bado nasisitiza sheria, wakuu. Mtu mwema hawezi kujilinda mwenyewe, kwa hiyo alindwe. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156 kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, wanaume kwa wanawake, na familia humo haikuishia kwa watoto tu, imetaja na ndugu wengine wa karibu wanaomtegemea mfanyakazi. Mzawa, hiyo inakuhusu. Ufaransa tangu mwanzo wa 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutoshikwa na simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Sheria ya namna hiyo haimuulizi mtu anajionaje.

Zamu_ya_Usiku

Nakubali sheria, kaka Fundi. Lakini mkwe wangu hasomi mikataba. Simu ya kazini nikiizima hakuna atakayeniuliza. Kwenye kikao cha familia ndiko nitakakoulizwa naipendea nini kazi inayonitoa usiku.

Funguo_Mbili

Mimi ni msomaji wa kimya ila hapa nimeshindwa. Kuna utafiti wa Christena Nippert-Eng, wa mwaka 1996, uliochunguza mpaka wa kazi na nyumbani kupitia vitu vidogo kama kalenda na funguo. Kuna wanaotia funguo zote kwenye pete moja na wenye pete mbili, kuna wenye kalenda moja ya mambo yote na wenye mbili. Mimi nina pete mbili na nilidhani ni mazoea tu. Mume wangu ana moja. Ananiona nimemfungia nje ya nusu ya maisha yangu. Mimi namwona anamwaga kazi mezani. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiitana "msiri" na "mzembe".

Mchunguzi_Tulivu

Funguo_Mbili, huo ni mfano mzuri kuliko niliokuwa nautumia darasani. Ila usikimbilie kusema pete mbili ni nafsi inayojitegemea. Wapo wanaotenga kazi na nyumba kwa sababu ya kufungamana sana: wanawalinda walio nyumbani wasiguswe na uchafu wa kazini. Muulize mtu analinda nini kabla ya kumpa jina.

Kalamu_Nzito

Wakuu nilipotea siku mbili. Nilifanya lile zoezi la majibu ishirini, na mke wangu akakubali kufanya. Tulikaa vyumba viwili, dakika kumi na mbili kwa kutazama saa, kisha tukabadilishana karatasi.

Langu lilianza hivi: mimi ni baba, mimi ni mume, mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, mimi ni tegemeo, mimi ni mhasibu. Ukisoma juujuu utasema huyu amefungamana hasa. Mke wangu alisoma akanyamaza, akaniuliza, "Baba wa nani?" Sikuelewa. Akaniambia, "Umeandika vyeo. Hakuna jina la mtu hata moja."

Lake lilikuwa na majina. Mimi ni yule anayejua fulani akinyamaza amekasirika na fulani akinyamaza ana homa. Mimi ni rafiki wa dada yangu. Mimi ni mtu anayeongea na mume wangu usiku. Hii ya mwisho ilikuwa namba sita, na alikuwa ameikata kwa mstari mmoja. Bado inasomeka.

Kwa hiyo dada Zamu, jibu lako nimelipata nyumbani, na Mchunguzi alikuwa ameshalitaja. Nilipoanzisha mada nilidhani mimi ni wa "sisi" na mke wangu amegeuka kuwa wa "mimi", anadai muda wake, haki yake. Kumbe wote wawili ni wa "sisi". Yangu ni ya kutafuta na yake ni ya kuwapo. Kila nilipokwenda kuijenga yangu nilikuwa natoa tofali kwenye yake, na nilimwona hana shukrani kwa sababu sikujua kuna nyumba ya pili inayojengwa.

Na kuna namba kumi na nne kwenye karatasi yake: "Mimi ni mtu aliyewahi kutaka kusomea sheria." Miaka kumi na tatu ya ndoa, sikuwahi kuisikia. Aliacha kuitaja, anasema, tulipopata mtoto wa pili, kwa sababu haikuwa na mahali pa kukaa ndani ya "sisi" yoyote, si yangu wala yake mwenyewe. Tumeizungumza hadi usiku sana. Hatujaamua lolote, ila ameniomba nimtafutie sifa za kujiunga na masomo ya jioni, na akiingia huko ni mimi nitakayekuwa nalaza watoto.

Mwezi huu mahesabu yanafungwa Alhamisi. Nitachelewa siku tatu, watoto wameambiwa ni siku zipi, na saa mbili usiku nitatoka nje ya ofisi nipige simu nisikilize habari za shule, bila kuuliza kama ninakagua.

Zamu_ya_Usiku

Kaka, mwambie mkeo namba kumi na nne asiikate.